Kutoka Uchifu Hadi Uspika: Funzo la Adam Sapi Mkwawa

Historia ya Bunge letu haielezeki barabara bila kumtaja Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika tangu 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994. Hiyo ni takriban miaka 30. Lakini swali linalotuhusu sisi makada si urefu wa muda huo. Swali ni hili: madaraka yake yalitoka wapi, na yalimtumikia nani?

Tuanze na Bonde la Kilombero. Lupiro, panapoachana njia za kwenda Mahenge na Malinyi, imepakana na historia ya Uhehe. Mkwawa, babu yake Adam Sapi, aliwashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, akapambana nao hadi alipokufa mwaka 1898. Bondeni, Kiwanga wa Wabena, hasimu wa Mkwawa, aliungana na Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilipofika Mahenge mwaka 1905, wapiganaji wa Kihehe nao walitumiwa dhidi ya wananchi wa bonde hilo. Mkoloni alitumia watawala wa jadi kwa zamu, kwa sababu ushujaa wa kila mmoja uliishia kwenye mpaka wa himaya yake.

Waingereza waliendeleza mbinu hiyo ya kutawala kupitia machifu. Adam Sapi alishika uchifu mwaka 1940 baada ya wao kumwondoa baba yake. Mwaka 1954 Gavana Twining alimkabidhi fuvu la Mkwawa huko Kalenga. Heshima ya shujaa aliyeupinga ukoloni ilikuwa sasa inatafutwa ili kuuimarisha ukoloni.

Uhuru ulivunja msingi huo. Mwaka 1963 machifu waliondolewa mamlaka kwa sheria. Adam Sapi alikuwa tayari Spika, yaani mtu aliyechaguliwa na wabunge na anayebanwa na kanuni. Mbele ya kiti hicho mbunge wa Ulanga na mbunge wa Iringa walikuwa sawa. Hayo yalikuwa mapinduzi ya kweli.

Hata hivyo historia si pambio. Oktoba 1968 wabunge kadhaa walifukuzwa TANU, wakapoteza viti vyao. Mwaka 1975 Katiba iliweka vyombo vyote vya dola chini ya uongozi wa Chama. Umoja uliimarika, lakini nafasi ya mbunge kuihoji Serikali ilipungua. Spika aweza kulinda utaratibu wa mjadala. Uhuru wa mjadala wenyewe haulindwi na mtu mmoja.

Katika Seneti ya Marekani, Robert Byrd alikaa tangu 1959 hadi 2010, na ukongwe ulimpa nguvu ya kupeleka fedha nyingi jimboni kwake. Adam Sapi, aliyefariki mwaka 1999, aliacha urithi wa namna nyingine: kiti kisichorithiwa. Kazi ya kada ni kuhakikisha kiti hicho kinaendelea kuwatumikia wananchi, na kwamba anayehoji kwa nia njema hahesabiwi kuwa adui.