Jina, Rangi na Utambuzi: Historia ya Majina ya Konokono wa Jenasi Pomacea katika Matangi ya Samaki wa Mapambo

Konokono wa jenasi Pomacea, ambao asili yao ni bara la Amerika, wamefugwa kwa muda mrefu katika matangi ya samaki wa mapambo. Insha hii inajenga hoja kwamba majina ya kibiashara yaliyoegemea rangi yalififisha mpaka baina ya spishi, na kwamba athari za mkanganyiko huo zilifika hadi mashamba ya mpunga.

Mwaka 1856, Reeve alieleza kisayansi konokono aliyempa jina la bridgesii. Mwaka 1957, Blume alitenga umbo dogo zaidi na kuliita diffusa, akilihesabu kuwa nususpishi. Hata hivyo, wafugaji waliendelea kutumia jina la kwanza. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulibainisha kuwa konokono wa Florida waliokuwa wakiitwa bridgesii ni Pomacea diffusa. Kwa hiyo, konokono wa manjano, buluu, zambarau na weupe wa pembe wanaouzwa kama aina mbalimbali ni wa spishi hiyo moja. Tofauti zao hutokana na mchanganyiko wa rangi ya gamba, mistari ya gamba na rangi ya mwili.

Ugumu unazidi kwa kuwa rangi ya manjano hupatikana pia kwa Pomacea canaliculata, spishi iliyoelezwa na Lamarck mwaka 1822 na ambayo hujulikana kibiashara kama konokono wa dhahabu. Spishi hiyo ilipelekwa Taiwan kwa ajili ya chakula takriban mwaka 1980, kisha ikawa balaa la wakulima wa mpunga barani Asia. Alama zake za kuaminika ni mfereji wenye kina kwenye mshono wa gamba, ambao ndio chimbuko la jina lake, pamoja na mayai ya waridi. Diffusa, kinyume chake, ana mabega bapa ya gamba na hula zaidi mwani na mabaki ya mimea.

Baada ya uvamizi katika delta ya mto Ebro nchini Uhispania, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi nzima mwaka 2012. Uamuzi huo uliondoa ulazima wa kutofautisha spishi, lakini uliwanyima wafugaji hata spishi isiyo na madhara makubwa. Nchini Kenya, canaliculata aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea mwaka 2020. Katika mazingira hayo, afisa ugani anayetegemea rangi anaweza kumpuuza mharibifu. Utambuzi wake hauna budi kuanzia kwenye gamba na mayai.