Asali ya Mafirauni: Je, Bado Inalika?

Husemwa kwamba asali ya miaka 3,000 ilikutwa katika makaburi ya Misri, ikaonjwa, ikawa bado tamu. Je, ni kweli?

Kaburi la Tutankhamun, alilolivumbua Howard Carter mwaka 1922, lilikuwa na mitungi iliyoandikwa kuwa ni ya asali. Hilo ni kweli. Lakini kisa cha kuionja husimuliwa bila kumtaja aliyeonja.

Hata hivyo, asali hudumu sana. Maji yake kwa kawaida hayafiki asilimia 20, nayo ina asidi, hivyo bakteria hawawezi kuzaana humo. Ikiingia maji, huchacha.

Kudumu pia si kulika. Mwaka 2018, wanasayansi walieleza kuhusu jibini ya miaka 3,200 hivi kutoka kaburi la Ptahmes, Saqqara. Ndani yake walipata dalili za bakteria wa brusela, ugonjwa unaoenezwa na maziwa mabichi.

Asali nayo, hata ikiwa safi, yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu. Mtu mzima kwa kawaida hadhuriki, lakini mtoto mchanga huweza kupooza. Kwa hiyo, usimrambishe asali mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1.