Kabla ya Daftari Zetu, Pate Walishajihoji

Ukisikia mtu anasema "jitafakari", pengine unafikiria daftari jipya, kikombe cha kahawa, na video ya mtu wa ng'ambo akikwambia uandike mambo matatu unayoshukuru. Mimi pia nilianza hivyo. Kila usiku naandika. Lakini ukweli usemwe, daftari langu lilijaa makosa ya watu wengine.

Halafu nikasoma Al-Inkishafi.

Utenzi huu ulitungwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, kisiwa kilicho Lamu, hapa hapa kwetu. Pate ilikuwa imeshiba kwa biashara ya Bahari Hindi: nyumba za mawe, taa za kupendeza, vyombo vya kauri vimepangwa kwenye vidaka vya ukuta. Kisha zikaja fitina za kugombania kiti, vita juu ya vita, na kile kipigo cha Shela karibu mwaka wa 1812, Lamu ilipowashinda Pate na Wamazrui wa Mombasa. Ndani ya utenzi, matajiri wako kaburini. Popo wananing'inia kwenye nyumba zao na buibui wametanda utando.

Sasa angalia alichofanya huyu mzee. Angeweza kuwalaumu Lamu, na nani angemshangaa? Lakini anaugeukia moyo wake mwenyewe, anauhoji kama mzazi anavyomhoji mtoto mkaidi: haya yote umeyaona, mbona huamki?

Hapo nikashikwa. Nilikuwa nimekopa kwa simu ninunue taa na kamera, na huku nilimwahidi mama kwamba karo ya mdogo wangu iko juu yangu. Dogo akarudishwa nyumbani, akakaa wiki mbili. Unajua usiku huo niliandika nini? "Familia haielewi ndoto zangu."

Nilirudi kwa ukurasa huo nikajiuliza swali la Abdalla. Sikuwa na jibu. Kamera niliiuza, karo ikalipwa. Dogo bado hunijibu kwa kifupi, na simlaumu.

Kuna wanaosema utenzi huu unatisha, maana mwishoni unakuonyesha jehanamu. Ni kweli, haubembelezi mtu. Lakini tafakari nyingi tunazouziwa siku hizi zinabembeleza tu, ndiyo maana mtu anaweza kujaza daftari tatu na abaki vile vile alivyokuwa. Kushukuru si vibaya, ila hakutoshi kama kuna deni umelifunika.

Kwa hivyo leo usiku jaribu ukurasa mmoja tu. Aliyekukosea mwache kando. Andika kitu ulichokiona kwa macho yako kikiharibika, kisha uulize moyo wako ulikuwa wapi.

Wewe ungeandika nini?