Kubandua Tabaka

Kama umewahi kununua matumbo soko la Burma, pale Jogoo Road, unajua kazi yenyewe. Mama anayamwagia maji moto, anayatandaza mezani, halafu anakwangua ganda la ndani mpaka linaachana na nyama. Hatumii nguvu. Akitumia nguvu yanatoboka, na mteja anaanza kulilia bei. Siku moja nilimuuliza nani alimfunza.

"Mamangu. Nilibeba ndoo miaka miwili kabla anipe kisu."

Jibu hilo lilinirudia nikisoma jinsi madaktari wanavyofunzwa kutoa saratani changa ya umio na tumbo bila kumpasua mtu. Wanapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, wanadunga maji chini ya ngozi ya ndani ili kidonda kiinuke, wanakata kukizunguka, kisha wanakibandua polepole kutoka kwenye msuli. Ukuta wa umio ni milimita chache tu. Ukiutoboa, mate yanavuja kifuani.

Kufika hapo kumechukua muda. Mwaka 1868, Mjerumani Adolf Kussmaul alichungulia tumbo la mtu wa maonyesho, mmeza panga, maana nani mwingine angekubali kumeza bomba lililonyooka kama rungu? Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, alimeza mwenyewe kifaa cha nyuzi za kioo alichounda na wenzake. Manze, huko ndiko kuamini kazi yako. Mwaka 1969, jijini New York, Hiromi Shinya na William Wolff wakaanza kutoa vinyama vya utumbo mpana kwa kitanzi cha waya. Lakini kitanzi hushika kinyama chenye shingo. Kidonda kilicholala bapa kinakishinda. Mwishoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa kituo cha taifa cha saratani jijini Tokyo wakatumia kisu cha umeme chenye kipira cha kauri kwenye ncha, ili ncha isichome msuli.

Kisu kinauzwa. Mkono hauuzwi. Anayejifunza huanza kwa kutazama, kisha anapewa tumbo la nguruwe kutoka machinjioni, alitoboe huko. Akija kwa mgonjwa, anaanza na vidonda vidogo vya tumboni, mwalimu akiwa begani. Umio unangoja, kwa sababu ni mwembamba na hauna nafasi ya kugeuza kisu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so si mimi wa kuhubiri kuhusu vyeti, lakini hii ni kazi ya fundi na mwanafunzi wake, kama gereji yoyote ya Kariobangi.

Nayajali haya kwa sababu ya mjomba. Aliishi Makongeni, kwao Bomet. Alianza kuteremsha ugali kwa maji, kisha akahamia uji, kisha uji nao ukakataa. Miezi saba alipewa dawa za vidonda vya tumbo, vituo viwili tofauti. Kamera ilipoingia hatimaye, njia iliyobaki ilikuwa kama mrija wa soda. Alirudishwa nyumbani, akapelekwa Tenwek, hospitali ambayo tangu 1999 imekuwa ikiwawekea wagonjwa kama yeye mrija wa waya unaotanuka. Krismasi alikula wali. Machi tukamzika.

Kinachoniuma ni hiki. Saratani ya umio magharibi mwa Kenya imeandikwa tangu miaka ya 1960. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya watu wazima zaidi ya 300 kutoka huko Bomet, wote bila dalili. Waliwanyunyizia umio maji ya ayodini: nyama nzima hugeuka kahawia, nyama ya kutiliwa shaka hubaki nyeupe. Karibu 14 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko yanayoweza kuwa saratani. Wengine kati yao ndio kisu kile kilitengenezewa. Kuona kunawezekana, na hapa hapa nyumbani. Baada ya kuona, lazima awepo mtu aliyebeba ndoo miaka yake.

Nilimwambia mama wa Burma kwamba madaktari hujifunzia tumbo la nguruwe. Akacheka. "Waje hapa, kijana, niwape la ng'ombe."

Halafu akaweka kisu chini, akaniuliza mjomba alianza kukwama na ugali lini.