Mchujo wa Timu: Watoto wa Katwe na Sataranji ya Uganda

Mwezi Agosti mwaka 2009 watoto watatu wa Uganda walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwao. Majina yao ni Phiona Mutesi, Benjamin Mukumbya na Ivan Mutesasira. Walikuwa wakielekea Juba, mji ambao wakati huo ulikuwa bado ndani ya Sudan, kwani Sudan Kusini haikupata uhuru wake hadi Julai 2011. Walikwenda kuiwakilisha nchi yao katika mashindano ya kimataifa ya sataranji ya watoto wa Afrika. Wote watatu walitoka Katwe, mtaa wa mabanda ulio bondeni jijini Kampala, ambako mvua kubwa huingiza maji ya mitaro hadi vyumbani mwa watu.

Mwandishi wa habari wa Marekani, Tim Crothers, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu Phiona, alisimulia jambo moja juu ya safari hiyo ambalo sijaweza kulisahau. Walikuwapo wachezaji wengine waliofuzu kuingia katika timu ile. Baadhi yao walikataa kusafiri pamoja na watoto wa mabanda.

Kabla hatujaendelea, tulitazame neno. "Sataranji" tumelipokea kutoka Kiarabu, nao Waarabu walilipata kwa Waajemi. Mitaani utasikia zaidi "chesi", na si kosa. Usiuchanganye mchezo huu na drafti, ingawa zote mbili huweza kuchezwa juu ya ubao wa miraba 64. Katika sataranji kila upande una kete 16, na zile ndogo nane zinazosimama mstari wa mbele kamusi zetu za zamani huziita vitunda.

Neno la pili ni "mchujo", yaani uchaguzi wa wachezaji wachache kutoka katika wengi. Limetokana na kitenzi kuchuja, kile kile anachokitumia mpishi anapokamua tui la nazi. Chujio hutenganisha kilichomiminwa ndani yake. Nazi iliyobaki sokoni haihusiki.

Kwa karatasi, mchujo wa sataranji ni wa haki kuliko wa michezo mingi. Hakuna refa wa kupendelea wala kocha wa kusema kijana huyu ana umbo zuri; kuna mshindi, kuna aliyeshindwa, au kuna sare. Shirikisho la dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, limeyagawa mashindano ya vijana kwa umri: chini ya miaka 8, 10, 12, 14, 16 na 18, na umri huhesabiwa kufikia Januari 1 ya mwaka wa mashindano. Kwa kawaida kila nchi huruhusiwa kumpeleka mchezaji mmoja rasmi katika kila kundi, ambaye wenyeji humgharimia chakula na malazi. Nchi inaweza kuwaongeza wengine, lakini hao hujilipia. Nauli ya ndege ni juu ya anayesafiri, au nchi yake, au mzazi wake.

Ukiyasoma masharti hayo taratibu utaona kwamba ubao haujawekwa mezani bado, na tayari kumeulizwa cheti cha kuzaliwa, pasipoti na mfuko wa mzazi. Phiona mwenyewe hana tarehe ya kuzaliwa inayojulikana kwa hakika; waandishi wengi hutaja takriban mwaka 1996. Baba yake alifariki akiwa mdogo sana, naye akaacha shule kwa kukosa ada na kuuza mahindi mitaani.

Tena, nchini Uganda sataranji ilikuzwa hasa shuleni. Padre Mwingereza, Damian Grimes, aliyekuwa mkuu wa Namasagali College, anakumbukwa kwa kuupandikiza mchezo huu miongoni mwa wanafunzi, hata mashindano ya shule yakapewa jina lake. Ilikuwa kazi njema. Lakini mchezo ukikaa ndani ya shule za bweni, timu ya taifa ya vijana hutoka mle mle, na asiye na ada hajakataliwa na mtu yeyote, hakuonekana tu. Nami sina usafi wa kujivunia hapa. Niliwahi kukaa katika meza ya kuchagua timu ya shule, na mwisho wa siku orodha yetu iliwabeba wale waliokuwa na viatu vya michezo na nauli ya kufika uwanjani Jumamosi.

Aliyelileta chujio hadi Katwe ni Robert Katende, kijana aliyekulia katika umaskini, akasomea uhandisi, kisha akafanya kazi na shirika la kidini lililotumia michezo kuwafikia watoto. Alianza na mpira wa miguu. Akawaona wengine wanakaa pembeni bila kucheza, na mwaka 2004 akawaletea ubao wa sataranji na sufuria la uji. Phiona alimfuata kaka yake, Brian, na kwa maelezo yake mwenyewe alivutwa na uji kwanza. Aliyemfundisha jinsi kete zinavyotembea alikuwa mtoto wa kike wa miaka minne, Gloria. Miaka michache baadaye Phiona alikuwa bingwa wa taifa wa wasichana chipukizi.

Hata hivyo, watoto wa Katende hawakuwa shule. Hawakuwa na sare wala mwalimu mkuu wa kutia saini fomu, na ilimbidi awabembelezee wenye mamlaka ili waruhusiwe kucheza na wanafunzi wa shule zenye majina makubwa. Filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kama mama yake Phiona, imelionyesha vizuri jambo hilo.

Turudi Juba. Phiona alishinda michezo yake yote minne. Benjamin na Ivan hawakupoteza hata mmoja. Timu ya watu watatu ilirudi na kombe kubwa lisiloingia katika mikoba yao, na Katende, ambaye hakusafiri nao, akawapokea Kampala.

Tazama basi suala la kocha. Ni nani kocha wa mtoto: aliyemfundisha, au aliyeteuliwa? FIDE ina ngazi za vyeti kwa wakufunzi, na ni sawa kuwa nazo, kwa sababu uji peke yake haukufundishi namna ya kufungua mchezo dhidi ya mpinzani aliyesoma vitabu hamsini. Mkufunzi wa timu ya taifa, Dkt. George Zirembuzi, alikuwa amejifunza kwa magwiji wa Urusi, na mtoto wa Katwe alihitaji ujuzi wa namna hiyo. Ninachoshikilia ni kwamba cheti kisimwondoe mtu anayejua kwa nini mtoto hakulala usiku wa jana.

Mwaka 2010 timu ya wanawake ya Uganda ilishiriki Olimpiadi ya sataranji kwa mara ya kwanza, katika mji wa Khanty-Mansiysk, Urusi. Miaka ya nyuma fedha hazikupatikana. Safari hii uongozi wa FIDE ulisaidia gharama, katika mwaka ule ule wa uchaguzi wa rais wake. Phiona alikuwamo. Alipoteza michezo mingi na akalia. Mwaka 2012, baada ya Olimpiadi ya Istanbul, yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha FIDE. Mwaka 2017 Phiona na Benjamin walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko Marekani.

Kwa somo lijalo, andika tangazo la aya moja la kuchagua timu ya sataranji ya vijana ya wilaya yako. Taja siku, mahali, umri na vitu vya kuleta. Kisha lisome tena, na uhesabu ni watoto wangapi wa mtaani kwako umewazuia kwa sentensi hizo.