Ukibadilisha Gari, Waranti Inabaki ya Nani?

Najua wengi huja hapa kwa mambo ya programu na seva, lakini leo tuingie gereji kidogo. Majirani zangu hapa Lanet wanajua nashinda kwenye kompyuta, kwa hiyo huniuliza kila kitu chenye waya. Swali linalorudi ni hili: nikifunga kifaa kisicho cha kampuni kwenye gari jipya, je, waranti imekufa?

Jibu liko kwenye historia, na kwetu Kenya historia hiyo inaanza na matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum. Nyingi zilikuwa pikapu ambazo fundi wa jua kali amezichomelea bodi na mabenchi nyuma. Kiwanda kiliuza gari la mizigo, barabarani likaonekana gari la abiria. Hapo kumdai muuzaji springi iliyovunjika ni kujitafutia kicheko, maana uzito ule hakuupanga yeye.

Baadaye serikali yenyewe ikawa ndiyo inayoagiza mabadiliko. Oktoba 2003 Waziri wa Uchukuzi John Michuki alitoa Notisi ya Sheria namba 161, na kuanzia tarehe 1 Februari 2004 kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Nissan za abiria 18 zikarudi 14. Mikanda haikuwa taabu. Kidhibiti mwendo ndicho kigumu: kinasoma mwendo wa gari, na ukifika kiwango kinapunguza au kukata mafuta. Yaani fundi asiye wa kiwanda anaingiza mkono kwenye mfumo wa mafuta au nyaya za injini, kwa amri ya sheria! Injini ikianza kukohoa, muuzaji wa gari atanyoosha kidole kwa aliyefunga kifaa, naye atanyoosha kwa muuzaji. Mwenye matatu yuko katikati na mkopo wa benki unahesabu siku.

Kwa wengi mzozo huo haukufika mbali kwa sababu moja tu: gari lilitoka Japani likiwa limeshatumika miaka kadhaa, na waranti ya kiwanda iliishia hukohuko. Probox yenye springi za kuongezwa, inayopanda Dundori kuchukua viazi, haina wa kumdai hata ikikatika katikati.

Mabasi ni hadithi nyingine, na mimi naona ndiyo yenye akili zaidi. Anayenunua Isuzu ya abiria 33 hununua chesisi yenye injini na kibanda, kisha mjenzi wa bodi anamalizia. Hapa mabadiliko yametarajiwa tangu mwanzo. Mwenye chesisi anajibu kwa injini na gia, mwenye bodi anajibu kwa kuchomelea kwake. Sisi waandishi wa programu tunaijua hiyo: mipaka ikiandikwa mapema, ugomvi unapungua.

Marekani walifika kwenye kanuni hiyo kwa sheria. Magnuson-Moss ya 1975 inazuia kampuni kufungia waranti kwenye vipuri vyake pekee, labda ivitoe bure au ipate ruhusa maalum. Ukifunga ekzosi ya kampuni nyingine halafu dirisha la umeme likafa, haitoshi muuzaji kusema "gari limeguswa". Inabidi aonyeshe kuwa kilichofungwa ndicho kilicholeta hasara. Lakini ukiongeza nguvu ya turbo na pistoni ikayeyuka, usitarajie huruma.

Kisha kompyuta ikaingia. Tangu magari ya modeli ya 1996, soko la Marekani linadai OBD-II, ile soketi chini ya usukani. Kupitia hapo kifaa kinaweza kusoma namba iitwayo CVN, ambayo ni jumla ya ukaguzi (cheksamu, kwa lugha yetu) ya programu ya injini. Ukibadilisha ramani ya mafuta, namba inabadilika. Audi na Volkswagen huko wana alama ya TD1: programu isipolingana na ya kiwandani, gari linawekwa alama kwenye mfumo wao, na madai ya injini na gia yanaweza kukataliwa. Kurudisha programu ya zamani kabla ya kwenda huko si lazima kukuokoe, kwa sababu baadhi ya kompyuta huhesabu pia mara zilizoandikwa upya.

Kwetu, Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 ikafuata. Hizo zinakusaidia dhidi ya gari lililokuwa bovu tangu dukani. Kuhusu kifaa ulichofunga mwenyewe, mzozo utakuwa wa ushahidi. Kwa hiyo kabla fundi hajakata waya hata mmoja, mwombe muuzaji akujibu kwa barua, si kwa simu. Weka risiti za sevisi zote, na kipuri kilichoharibika usikubali kitupwe hadi dai liishe.