Liakhovich wa Vitebsk na mkanda wa dunia

Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, Vyacheslav Yanovsky, mzaliwa wa Vitebsk huko Belarus, alitwaa dhahabu ya ndondi. Bendera iliyopandishwa ilikuwa ya Umoja wa Kisovieti. Enzi hiyo mabondia wa nchi hiyo walipigana ngumi za ridhaa tu; ngumi za kulipwa zilikuwa zimepigwa marufuku kwa miongo mingi. Sergei Liakhovich, mtoto wa mji huohuo, alikuwa na miaka 12.

Umoja ulivunjika mwaka 1991, na kijana huyo akapata fursa mbili ambazo wengi waliomtangulia hawakuzipata: kuiwakilisha Belarus yenyewe, kisha kuishi kwa ngumi zake. Alipigana katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, na mwaka uliofuata akapata shaba ya ubingwa wa dunia mjini Budapest. Baadaye akahamia Marekani kutafuta riziki ulingoni. Mwaka 2002 Maurice Harris alimwangusha kwa KO, na wengi wangeishia hapo. Yeye alijijenga upya, na Desemba 2004 akamshinda Dominick Guinn kwa pointi.

Kisha akakaa zaidi ya mwaka mzima bila pambano. Aprili 1, 2006, mjini Cleveland, alipanda ulingoni kumkabili Lamon Brewster, bingwa wa dunia wa shirika la ndondi la WBO aliyewahi kumshinda Wladimir Klitschko. Raundi ya saba makombora yalimzidi Liakhovich, akapiga goti. Akainuka, akarudi kazini, na mwishowe majaji wote watatu wakampa ushindi. Belarus ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa uzito wa juu.

Ushindi huo ulikuwa sehemu ya mageuzi makubwa. Nikolai Valuev wa Urusi alikuwa na mkanda wa shirika jingine, WBA. Klitschko wa Ukraine akatwaa wa IBF Aprili hiyohiyo. Agosti, Oleg Maskaev, mzaliwa wa Kazakhstan, akachukua wa WBC. Mikanda yote minne ya uzito ambao Wamarekani walizoea kuutawala ikawa kwa wanaume waliozaliwa katika Umoja wa Kisovieti.

Novemba 4, 2006, mjini Phoenix, Liakhovich aliongoza kwa pointi dhidi ya Shannon Briggs hadi raundi ya mwisho. Briggs akamwangusha; Liakhovich akainuka, akapigwa tena hadi akatoka nje ya kamba. Zilikuwa zimepita dakika 2 na sekunde 59 za raundi ya 12; ilibaki sekunde moja tu. Hakupata tena taji la dunia.

Wapenzi wa ndondi humkumbuka zaidi kwa sekunde ile. Anastahili kukumbukwa kwa zaidi ya hiyo. Yanovsky alishinda chini ya bendera ya dola kubwa. Liakhovich alipanda ulingoni kwa jina la Belarus, taifa changa, akalifikisha kwenye kilele cha uzito wa juu. Kupoteza mkanda hakufuti aliyeutwaa wala alivyoutwaa.